Jogoo wa Kuazima

Yai lilipita juu ya mkanda, mwanga wa zambarau ukalipenya, na kabla halijafika mwisho mashine ilikwisha kujua kama kifaranga atakuwa jike au dume, na uzito atakaofikia. Watu wa jiji la Singida waliiita kisomayai. Zaituni Ntandu ndiye aliyeiunda, nayo ilililisha jiji kwa miaka mingi.

Msimu huu mayai yalianza kuwa viza. Kisomayai iliyapitisha kwa taa ya kijani, lakini vifaranga walifia ndani ya ganda wakiwa wamekwisha kuota kucha. Halmashauri ikatangaza kwamba hali isipobadilika kabla ya mvua, nyumba ya vifaranga itafungwa.

Zaituni hakuharakisha kuilaumu mashine. Alipima mayai taratibu mpaka akaiona jeni iliyowaua vifaranga. Kila kifaranga hupokea nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala moja ikiwa mbovu, nzima huibebea kazi na kuku huishi vizuri. Zikikutana mbili mbovu, moyo husimama. Na sasa zilikutana kila mara, kwa sababu kuku wote wa nyumba ile walikuwa wa damu moja. Yeye ndiye aliyeiagiza mashine ichague wazito, kizazi baada ya kizazi, na wazito wote walikuwa uzao wa jogoo mmoja. Kuhusu moyo, mashine haikuwahi kuulizwa.

Jioni alikwenda kwa shangazi yake, Bi Hadija, ambaye bado alifuga jogoo wa kienyeji.

"Umekuja kunisalimia au kuomba?"

"Shikamoo, shangazi. Yote mawili."

"Marahaba. Anza na kuomba, salamu zako nazijua, huwa fupi."

"Naazima jogoo."

Bi Hadija alicheka mpaka akaketi. "Mwenye mashine ya kusoma mayai? Tena huyu kishingo, kama aliyeanza kunyonyolewa, mpishi akaghairi?"

"Huyu huyu."

"Na sharti unalikumbuka?"

"Namrudisha pamoja na mtetea mmoja."

"Na jogoo hakai nyumba moja misimu miwili. Enzi zile huyu angekwisha zunguka mtaa mzima. Siku hizi nani atabisha hodi? Wote wananunua vifaranga wako. Hata Mama Nkinda, hapo ng'ambo ya barabara, tunapungiana mikono tu."

"Kwa nini hakai misimu miwili?"

"Ndivyo tulivyokuta. Mimi nilipenda kwa sababu nilipata pa kwenda."

Zaituni alitazama chini. Jogoo anayehama hawakuti binti zake. Na yeye, kwa kuwarahisishia watu kufuga, alikuwa amewaondolea safari hiyo.

Mayai ya kwanza ya yule kishingo yalipopita kwenye mkanda, taa nyekundu ziliwaka kwa yote. Shingo tupu: kasoro, ilisema mashine.

"Tuyatupe, Injinia?" aliuliza Masudi, fundi wa zamu.

"Subiri. Ugonjwa wa moyo hautokei mpaka baba na mama wote wawili watoe nakala mbovu. Shingo tupu haisubiri wawili, ya baba peke yake inatosha kuonekana. Kwa hiyo kila taa nyekundu inatuambia baba ni mgeni."

"Basi kasoro ndiyo dalili ya uhai."

"Kwa leo, ndiyo. Yapeleke yote yakaatamiwe."

Siku ya kuanguliwa, hata mjumbe wa halmashauri alikuja. Ganda moja lilipasuka, kisha jingine, kisha trei nzima ikajaa sauti. Vifaranga walitoka na vishingo vyekundu, wabaya wa sura, wazima kabisa. Mjumbe akasema shauri la kufunga liondolewe.

Mtetea wa kwanza alipokua, Zaituni alimpelekea Bi Hadija pamoja na jogoo. Shangazi alimpokea mtetea. Jogoo alikataa kumpokea.

"Huyu msimu wake hapa umekwisha."

"Nimpeleke wapi?"

"Kwa Mama Nkinda. Ngoja nivae kanga, twende wote."

Wakavuka barabara, jogoo akiwa kwapani mwa Zaituni. Bi Hadija alisita kidogo mbele ya mlango. Kisha akabisha hodi.