Gauni Lililopunguzwa Kiuno

Asubuhi ile maji ya mfereji wa tatu yaligoma kufika mashambani, na wakulima wa mpunga wa Dakawa walikuwa wamekwisha kuanza kutukanana. Kila mmoja alimshuku mwenzake wa juu kuwa ameziba. Walipoufuata mfereji hadi kwenye geti la chuma, wakakiona kilichoziba. Alikuwa mwanamke, amelala kifudifudi, gauni lake la zambarau limenasa kwenye nondo.

Inspekta Rahel Msangi alifika saa tatu na nusu. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita katika upelelezi mkoani Morogoro, na harufu ya maiti hakuwahi kuizoea. Alikuwa amejifunza tu kutokunja uso.

"Nani anamfahamu?"

Watu walitikisa vichwa. Mzee mmoja aliuliza kama maji yangeweza kufunguliwa kabla jua halijawa kali. Rahel alitamani kumzaba kofi, lakini akamwagiza Koplo Alois apige picha geti na kingo zote mbili. Hakukuwa na pochi, wala simu, wala viatu.

Mchana, katika chumba cha maiti mjini, Daktari Hashimu alivua glovu.

"Hakufa maji," alisema. "Mfupa mdogo wa kooni umevunjika. Amekabwa kwa mikono. Mapafuni hamna maji wala tope."

"Muda?"

"Siku tano, labda sita. Umri, thelathini na kitu. Hajawahi kuzaa."

"Cha kunisaidia kumjua?"

"Pingili za shingo zimebanana. Amebeba mizigo kichwani tangu utotoni. Na tazama mashavu ya miguu. Huyu si mtu wa tambarare, Inspekta. Huyu amepanda vilima maisha yake yote."

Daktari alikuwa ameivua ngozi iliyolegea ya vidole, akaivaa juu ya vidole vyake mwenyewe na kuchukua alama. Zilipelekwa kulinganishwa na za vitambulisho vya taifa. Jibu likarudi Jumatano: hazisomeki. Mistari ilikuwa imelika kwa jembe na mawe.

Siku hiyohiyo bwana afya wa manispaa alipiga simu. Maiti ikikosa mwenyewe, itazikwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Msalaba ungeandikwa namba 41.

Rahel aliichukia namba hiyo tangu alipoisikia. Mtu amekula, ameimba, amechoka, kisha anafukiwa kama mfuko wa takataka wenye lebo. Akaapa kwamba hadi Ijumaa hiyo mwanamke huyu atakuwa na jina.

Kilichobaki ni gauni. Lilipokauka, alilitandaza juu ya meza ya ofisi. Kola ya njano, mikono mirefu, mishono ya cherehani iliyonyooka. Lakini ubavuni, kutoka kwapani hadi kiunoni, kulikuwa na mshono wa pili, wa mkono, kwa uzi mweusi. Mtu alikuwa amelipunguza kila upande kwa upana wa vidole vinne.

"Alikonda," alisema Koplo Alois, kijana wa Kiluguru mwenye maneno mengi kuliko cheo chake.

"Itakuwa," Rahel alijibu, akapita. Neno hilo moja lilikuja kumgharimu siku nne.

Maduka ya vitambaa mjini Morogoro yanajulikana, na mwenye kumbukumbu kuliko wote alikuwa Mama Shobha, mjane wa Kihindi aliyekaa nyuma ya kaunta ileile tangu alipoolewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leta nione." Alisugua kitambaa kwa kidole gumba, akakipeleka kwenye mwanga wa mlangoni. "Hiki nakijua. Niliagiza zambarau ya kawaida, wakaniletea hii iliyoiva kama bilinganya. Majora mawili. Kila mtu alikataa. Yakabaki kunitazama mwaka mzima."

"Nani alichukua?"

"Kwaya. Watu wa juu, Lukangile. Mwalimu wao alisema kule ukungu ni mwingi, rangi kali ndiyo nzuri." Alilirudisha gauni taratibu. "Mwenyewe amekufa?"

"Amekufa."

"Pole yao," alisema Mama Shobha, akaifuta kaunta ingawa ilikuwa safi.

Jumamosi, siku ya mazoezi ya kwaya, Rahel na Alois walipanda Uluguru. Gari la polisi liliishia kwenye kanisa dogo la kigango, wakamalizia kwa miguu katikati ya matuta ya kabichi na njegere. Kijijini, mwalimu wa kwaya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alifungua daftari lake.

"Magauni ishirini na manne. Wenye nayo hawa hapa."

Wanawake walileta magauni yao, mmoja baada ya mwingine. Yalitimia ishirini na matatu.

"Na la mwisho?"

"La marehemu Lucy. Tulimzika mwaka jana."

Rahel alijua wanakwaya wengi huzikwa na sare zao, akaifunga hesabu hapo. "Kuna mwanamke yeyote aliyepotea hapa kijijini?"

"Aliyepotea?" Mwalimu alishangaa. "Hakuna. Hapa tunajuana."

Walishuka mikono mitupu.

Jumatano mvua ya mlimani ilishuka mjini, ofisi ikawa baridi. Rahel alivaa sweta lake la kijivu. Alois, ambaye hakuwahi kuliacha jambo lipite bila utani, alicheka.

"Afande, hilo sweta mlivaa wawili? Mabega yamekwenda likizo."

"Lilikuwa la shangazi yangu. Nilipewa siku ya kumaliza matanga. Nilikunja mikono mwenyewe nika..."

Alitazama mikono ya sweta, namna alivyoikunja na kuishona kwa uzi usiofanana. Kisha akatazama bahasha ya vielelezo.

"Hakukonda," alisema. "Alois, mwanamke yule hakukonda! Gauni halikuwa lake. Alirithi."

Alijiona mjinga, na alikuwa na haki ya kujiona hivyo. Siku kumi alikuwa akimtafuta mwenye gauni, na mwenye gauni alikuwa kaburini kwa heshima zote. Saa saba mchana walikuwa Lukangile tena, matope hadi magotini.

"Gauni la Lucy alipewa nani?"

Mwalimu wa kwaya hakufikiri hata kidogo. "Mdogo wake, Upendo. Ndiye aliyekabidhiwa shamba pia."

"Yuko wapi?"

"Dodoma. Amepata kazi ya hoteli. Anatuma meseji kwa shemeji yake, Agustino, mume wa marehemu."

"Mbona Jumamosi hukuniambia?"

"Uliuliza aliyepotea, Afande. Upendo hajapotea."

Bibi Maria, mama wa Lucy na Upendo, alikuwa barazani akichambua njegere. Wajukuu wanne, watoto wa Lucy, walikuwa wamemzunguka. Mkubwa, Rosa, wa miaka kumi na minne, alimletea Rahel kigoda bila kuambiwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni."

Rahel alimwomba Rosa awapeleke wadogo zake ndani. Kisha akatoa picha ya gauni, ile ya mshono wa uzi mweusi. Vidole vya Bibi Maria vilisimama juu ya ungo.

"Unalifahamu?"

"Silifahamu."

"Pole sana, bibi. Kuna maiti mjini. Nakuomba mate yako kidogo tu, kwa pamba. Mkemia wa serikali atalinganisha, tujue kama ni damu yako."

"Damu yangu iko Dodoma."

"Kesho kutwa anazikwa na namba."

Bibi alirudi kwenye njegere zake. "Mmoja nilimzika. Mwingine yuko Dodoma. Ukimchukua Agustino, hawa wanne atawalimia nani?"

Rahel alimtazama Alois, naye Alois alikuwa ameacha kuandika. Hakuna aliyekuwa amesema neno lolote la kumchukua Agustino.

Walimkuta kwenye matuta ya juu, akizibua mkondo wa maji kwa jembe. Mwanamume wa miaka arobaini na mitano, mikono kama mizizi, adabu zote mahali pake.

"Upendo ana namba gani ya simu?"

Aliitaja. Rahel alipiga. Haikupatikana.

"Huwa anaizima akiwa kazini," Agustino alisema.

"Hoteli gani?"

"Hakuitaja."

"Meseji anakutumia wewe, si mama yake?"

"Mama hajui kusoma. Mimi ndiye ninayemsomea."

"Chukua shati, Agustino. Tunashuka."

Hakubisha. Aliliegemeza jembe kwenye ukuta wa mawe kwa uangalifu, kama mtu anayetarajia kurudi.

Alhamisi adhuhuri taarifa ya kampuni ya simu ilikuwa mezani. Rahel alimsomea mtuhumiwa haki zake, kisha akaisukuma karatasi mbele yake.

"Meseji sita. Zote zimepitia mnara wa Lukangile. Dodoma ina minara yake."

Agustino aliisoma karatasi mstari kwa mstari.

"Na simu hiyohiyo, tarehe mbili, ilikuwa Dakawa. Yako pia. Mlikwenda pamoja."

Agustino aliitazama mikono yake. "Yale matuta umeyaona?" aliuliza.

"Nimeyaona."

"Ngazi kumi na saba. Kila jiwe nimelibeba mimi. Maji nimeyavuta kutoka korongoni kwa mianzi, kabla mabomba hayajafika. Miaka ishirini na miwili."

"Shamba la nani?"

"La kina Lucy. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, mwanamume anakwenda kulima kwa mkewe. Siku ya kumaliza matanga waligawa nguo zake. Nilipewa wali na nyama, nikala. Kisha wajomba wakaniambia mimi ni mgeni, mke amekufa, nitafute pa kwenda mvua zikiisha."

"Upendo alisema hivyo?"

"Upendo hakusema neno baya hata siku moja. Bora angesema. Alinihurumia. Aliposikia nimepata shamba la kukodi Dakawa, akasema atanisindikiza tulione. Akavaa gauni la mke wangu, maana tunakwenda kwa watu."

"Endelea."

"Tulifika jioni, watu wameondoka. Tukasimama juu ya mfereji. Tope tupu, kila msimu unaomba upya kama ombaomba. Yeye akatabasamu. Akasema, 'Hapa patakufaa, shemeji.'" Agustino alifumba macho. "Ana gauni la Lucy, na ananiambia hapa patakufaa. Sikumbuki nimeinuaje mikono. Nakumbuka kuishusha."

"Viatu, pochi?"

"Nilivichoma. Simu iko darini."

Rahel aliandika. Alikuwa na hasira, na iliongezeka kwa sababu hakujua yote aielekeze wapi. Kwao Same baba yake alipokufa, baba wadogo walimtoa mama yake shambani na sufuria mbili, kwa sababu huko ardhi ni ya wanaume. Siku zote alidhani milima hii ina haki kuliko kwao.

"Mama yangu alifukuzwa hivyohivyo," alisema. "Hakuua mtu."



Ni Alois aliyezungumza, bila utani safari hii. "Upendo hakuwa na mtoto, kaka Agustino. Shamba alikuwa amelishikilia tu. Shamba ni la Rosa akikua. Binti yako wa kumzaa. Hukulijua hilo?"

"Nililijua."

"Sasa?"

"Rosa ataolewa. Atakuja mwanamume mwingine kulima matuta yangu, kama nilivyokuja mimi. Siku moja na yeye watampa wali na nyama." Alisukuma karatasi kando. "Nipeni nisaini."

Alisaini kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa asubuhi Bibi Maria alishuka mwenyewe, ameshikwa mkono na Rosa. Aliingia ofisini, akaketi, akafungua mdomo kabla ya kuombwa. Daktari Hashimu alipitisha pamba shavuni na kuifunga kwenye kichupa. Bwana afya alikwisha kupigiwa simu. Namba 41 haitazikwa leo.

Rosa alibaki mlangoni.

"Bibi," Rahel aliuliza polepole, "ulijua tangu lini?"

"Tangu meseji ya kwanza. Upendo anajua sijui kusoma. Angepiga, nisikie sauti." Alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nilikuwa nahesabu midomo ya kulisha. Mungu anisamehe, nilimwacha mwanangu kwenye barafu kwa sababu ya njegere."

Rahel alitaka kumwambia kwamba si kosa lake. Hakuweza, kwa sababu sehemu fulani ilikuwa kosa lake, na wote wawili walilijua hilo.

"Gauni mtanirudishia lini?" bibi aliuliza.

"Ni kielelezo, bibi. Litakaa mahakamani hadi kesi iishe."

"Lisipotee. Kutakuwa na siku ya kumaliza matanga, na nguo lazima zigawiwe." Aligeuza kichwa kidogo kuelekea mlangoni. "Huyu ana mabega ya mama yake. Ule uzi mweusi ukifumuliwa, kwake halitahitaji kupunguzwa. Andika jina lake hapo, wajue ni la nani."

"Silitaki, bibi," Rosa alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu. Haikuwa ya mtoto anayedeka.

"Andika," Bibi Maria alimwambia Rahel, bila kugeuka tena.

Rahel alichukua kadi ya kielelezo. Alikata namba 41, akaandika jina la Upendo. Kalamu ilikaa juu ya mstari wa chini kwa muda, kisha, kwa kuwa bibi alikuwa bado anamtazama, akaandika na la Rosa.