Kitambaa cha Gauni Lake

— Sema, Faradji. Hii iko nini?

Soraya alifungua kiganja. Katikati ya vumbi la unga wa muhogo ililala risasi moja, mpya, inang'aa. Ilimwangukia mguuni alipokuwa anakung'uta gunia nyuma ya kibanda chake cha kushona, pale soko la Kasongo. Gunia hilo Faradji, mchumba wake, alirudi nalo jana kutoka njia ya Salamabila.

Faradji aliangalia pikipiki yake. Akaangalia kuku wa jirani. Aliangalia kila kitu isipokuwa ile risasi.

— Jiulize kwanza mama yako kule kijijini anapumua sababu ya nani.

— Nimekuuliza weye.

— Risasi ni ya vijana wanaolinda kijiji chenu. Nimewapelekea mara mbili, chini ya unga.

— Na kitambaa kilikuwa kwenye pikipiki?

— Ningepita namna gani bila kitambaa?

Soraya akakaa juu ya gunia. Vitambaa vile vyeupe alivishona yeye. Kamati ya Mikono Mitupu ilipoanza, Waislamu na Wakristo pamoja, wanachama waliapa mbele ya wenye bunduki wa kila upande: hatubebi silaha, hatulishi mwenye silaha, awe adui yetu au mtoto wetu. Ndiyo maana pikipiki yenye kitambaa cheupe ilipita kila bariera ya wenye bunduki barabarani na wagonjwa wake na unga wa wakimbizi. Siku ile kitambaa cheupe kilikosekana sokoni, akakata jora alilokuwa ameletewa na Faradji kwa gauni la harusi. Watu walicheka: bibi harusi amevalisha pikipiki! Kilichobaki alikifungia sandukuni. Gauni lingetoka tu, jembamba kidogo. Harusi ilikuwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi.

— Nyinyi mulikaa kwenye kikao mukiimba amani, Faradji akasema. Waporaji wakachoma nyumba kumi na moja. Mjomba wako walimuua mikono yake mitupu iko juu! Mushikamano gani huo, kulia na mutu kisha kumuzika?

— Na risasi zako zinachagua? Vijana wako hao walimuua muchuuzi wa chumvi sababu ya lugha anayosema.

— Ilikuwa kosa moja.

— Nenda kamwambie mujane wake ni kosa moja.

— Soraya! Mama yako iko hai!

Soraya akafunga kiganja juu ya risasi.

— Kuna mutu aliona, kule bariera?

— Hakuna.

Alijibu haraka mno. Soraya aliusikia ule uharaka, akafanya kama hakuusikia.

— Leo baada ya alasiri utasema mwenyewe mbele ya kamati. Vitambaa vyote vishuke kwenye pikipiki.

— Baada ya harusi, mupenzi. Wakinifukuza leo, baba yako atavunja uchumba kesho. Na pikipiki za kamati hazisafiri mpaka Jumatatu, unajua. Jumapili nasema. Wallahi.

— Alasiri, Faradji.

— Jumapili.

Alimshika mkono, ule ule wenye risasi. Miaka mitano Soraya alikuwa amemngoja mwanaume huyu.

— Jumapili asubuhi, akasema. Si saa moja zaidi.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Ulitoka kwa mama Binti, mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa, Soraya mwenyewe akiwemo:

"Mutoto yangu, kuna mama uchungu umemushika ng'ambo ya bariera, mutoto amekaa vibaya. Siwezi kungoja Jumatatu. Nimechukua kitambaa kwenye kibanda chako, Roger wa pikipiki ananibeba. Kesho mufiche pilau yangu, wajomba zako wako na tumbo kubwa!"

Soraya alipiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akampigia Faradji.

— Mama Binti ameenda. Na kitambaa.

— Njia gani?

— Ya bariera. Kuna nyingine?

— Mwambie arudi! Soraya, mwambie arudi!

— Kwa nini? Si ulisema hakuna aliyeona?

Alimsikia analia, mwanaume mzima.

— Gunia lilipasuka mbele ya wenye bunduki, pale bariera. Risasi zilimwagika. Nikakimbiza pikipiki. Walipiga kelele nyuma yangu: kitambaa cheupe kingine tukikiona, tutakitoboa.

Saa tano, Roger akapiga.

— Dada Soraya... Walipiga risasi kabla hatujasimama. Nikadhani hawajaona kitambaa, nikakipunga. Wakapiga tena. Nikakipunga tena, dada. Mama Binti hasemi.

— Na yule mama mwenye uchungu?

— Hatukufika.

Maiti ilifika saa tisa. Kamati ilijaa uani kwa mama Binti, na Soraya akasimama kabla ya mtu yeyote kuuliza.

— Faradji amebeba risasi chini ya kitambaa chetu. Mimi nilijua tangu jana, nikanyamaza sababu ya harusi yangu.

Magloire, katekista, mwenyekiti wao, alifuta uso.

— Lakini kijiji kilipona, akasema polepole. Kuna watoto wako hai leo. Hilo nalo tuliweke wapi?

— Liweke kwenye kaburi hili, baba katekista, kama kuna nafasi, mama Marguerite wa kamati akajibu.

Hawakusikilizana. Wengine walitoka na Magloire, wengine walibaki. Vitambaa vilirundikwa chini ukutani, na hakuna aliyevigusa tena. Kamati ilikufa siku moja na mkunga wake.

Wanawake waliokuwa wanaosha maiti walitoka kuuliza sanda. Soraya akaenda nyumbani, akafungua sanduku lenye kitambaa cha gauni. Faradji alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

— Soraya, tusameheane.

— Shika huku. Nyoosha.

Faradji alishika ncha moja, Soraya akashika nyingine, kama watu wanaopima gauni. Simu ya Soraya ikaita: mama yake, kutoka kijijini. Mikono yake ilikuwa na mkasi, akabonyeza sauti ya nje.

— Binti yangu! Huku tuko salama, tumelala vizuri. Mwambie mukwe wangu Faradji Mungu amubariki. Iko karibu?

— Iko hapa, mama.

Ncha ya kitambaa ilimponyoka Faradji.

— Shika vizuri, Soraya akamwambia. Usinikatishe vibaya.

Mkasi ukapita mpaka mwisho. Faradji akaangalia sanduku tupu.

— Na kesho?

Soraya alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka begani.

— Jora limekwisha, akasema, akatoka.