Jina Lisilo na Mwenyewe

Jumapili ile nilichelewa kufunga duka kwa sababu ya wino. Mashine ya kutolea kopi ilikuwa imekauka, nikaenda kuazima kwa jirani, na niliporudi jua lilikuwa linazama upande wa misheni. Nikamkuta Ignas kwenye benchi langu, yule mwalimu wa jiografia, kalamu sikioni na karatasi moja mkononi. Alitaka kopi tatu.

Niliisoma ile karatasi ikitoka kwenye mashine, maana mwenye stesheneri husoma kila kitu cha watu. Ilikuwa fomu. Jina. Ukoo. Umbo. Nguvu. Udhaifu. Anachokitafuta. Nikamtania kwamba hapa Ushirombo mtu akionekana na fomu, kesho yake ana foleni ya wanaotaka msaada. Akacheka, akanieleza kuwa ni mchezo aliojifunzia chuoni Dodoma. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anatunga mtu wake, mwongozaji anasimulia safari katika nchi ya majitu na mapango ya dhahabu, na dadu lenye pande ishirini linaamua nani anafaulu. Tayari alikuwa na Blessing, muuguzi, na Sostenes, fundi wa pikipiki. Alitaka mchezaji wa tatu.

Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Mume wangu Masalu alikuwa machimboni Nyarugusu, anarudi nyumbani mara moja kwa wiki mbili. Jioni zangu zilikuwa ndefu na za kuchosha. Nikasema sawa, nipe hiyo fomu.

Lililonisumbua ni jina. Kwetu Usukumani kila jina lina mtu wake. Ukimwandika Masalu halafu mtu wako akaliwa na jitu mezani, nyumbani utalalaje? Nilitaka jina ambalo nikilitumia simkwazi mtu, hai wala marehemu. Ndipo nikakumbuka daftari la babu, baba yake mama. Kila Novemba mama alinipa ninakili orodha ya marehemu wa ukoo ya kupeleka kanisani waombewe misa. Katika daftari lile kulikuwa na jina moja lililokatwa kwa wino, likakatwa tena na tena mpaka karatasi ikachanika. Ukiinua kwenye mwanga ulilisoma. Niliwahi kumuuliza mama ni la nani. Alisema hilo kwetu halitumiki.

Wako Makoye wengi huku, lakini katika ukoo wetu hakuna hata mmoja. Niliona nimepata. Jina lisilo na mwenyewe.

Nikaandika: Makoye. Umbo: mwembamba, mrefu, akitaka kusema hujikohoza mara mbili. Nguvu: ananusa dhahabu ikiwa bado ndani ya mwamba. Udhaifu ukanichelewesha kidogo. Mwisho nikaandika: hawezi kukaa peke yake. Na mahali pa anachokitafuta, mkono ukaenda wenyewe bila mimi kufikiri.

Njia ya kutoka.

Nilipoinua kalamu, nje ya dirisha mtu alijikohoza.

Mara mbili.

Nilidhani ni Ignas, lakini Ignas alikuwa amesimama mbele yangu, na alikuwa amegeuka kutazama dirishani. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu tu... udongo mbichi, na moshi wa baruti, kama nguo za Masalu anapotoka kazini. Ignas akasema labda kuna mchimbaji amepita. Nami nikapenda kuamini hivyo.

Tulicheza Jumapili iliyofuata, saa tisa mchana, mlango wazi, watoto wakipiga kelele barabarani. Sostenes alikuwa jitu la msituni, Blessing alikuwa mchawi wa moto, na walikuwa wakicheka mno. Safari ikatufikisha kwenye pango. Wao wakashuka kwa kamba, mimi nikabaki juu kuishika. Ignas akauliza Makoye anafanya nini.

Nilitaka kusema nawavuta. Naapa ndicho nilichotaka kusema.

Nikajikohoza mara mbili.

"Nakata kamba," nikasema. "Halafu nafukia."

Ignas akarusha dadu. Likasimama kwenye ishirini. Sostenes akacheka akasema, shemeji umetuua. Blessing hakucheka. Aliniangalia koo, akaniuliza polepole ile sauti nimeitoa wapi. Hatukucheza tena baada ya siku hiyo, na hakuna aliyesema kwa nini.

Mwanangu alizaliwa wiki ya pili yake, mvulana, kilo tatu na nusu. Mchana alikuwa mtoto mzuri wa kulala. Jua likizama, analia. Haikuwa njaa, maana ziwa alilikataa. Alilia mpaka sauti inakauka, anapumzika, anaanza tena mpaka alfajiri. Tulimpeleka hospitali ya hapa, tukampeleka mpaka Kolandoto, wakampima kila kinachopimika. Wakasema mzima. Mzima gani anayepungua kila siku? Siku ya kumi na tisa alikuwa kilo mbili na robo, na ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea kama ya mzee.

Mama yangu Scolastika akaja kutoka kijijini Shinyanga. Alimtazama mjukuu wake, akasema huyu analilia jina. Sishangai ukiguna, lakini kwetu jambo hili linajulikana. Mtoto akilia hivi, kuna mmoja wa masamva, wazee waliotangulia, anataka mtoto aitwe jina lake. Unamtajia majina mmoja mmoja. Likifika lenyewe, ananyamaza, ananyonya, anavishwa ushanga, basi.

Jioni ile mama alisimama mlangoni na mtoto mikononi, akaanza. Alimtaja babu yake. Mtoto akalia. Akamtaja baba wa babu, na shangazi zake, na wale waliokufa wangali watoto wachanga. Kila jina lilizidisha kilio. Majina yakaisha. Mama akabaki amesimama, midomo inacheza bila sauti, nikajua kwamba amefika kwenye jina asilotaka kulitaja.

Nikamwambia habari za fomu.

Mama alikaa chini palepale kizingitini. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alisimulia taratibu, macho yake yakiwa uani. Makoye alikuwa kaka mkubwa wa babu. Alichimba dhahabu kabla hata barabara hazijafika, na alikuwa na wenzake wawili, mtu na mdogo wake. Siku moja mganga mmoja alimwambia kuwa mwamba unataka watu. Jua likizama, wenzake wakiwa chini, Makoye akakata kamba akafukia. Walisikika siku tatu. Alipata dhahabu, akanunua ng'ombe, lakini hakuweza tena kulala peke yake. Alikuwa analipa watu wakae naye. Mwisho alirudi mwenyewe kulifukua lile shimo kwa mikono, likamwangukia. Hawakumtoa. Wazee wa ukoo wakakubaliana asiitwe mtoto yeyote kwa jina lake, wala asiombewe misa. Mtu asiye na wa kubeba jina lake mwishowe anaisha.

"Alikuwa karibu kwisha," mama akasema. "Umemwandikia na njia."

Ignas aliileta ile fomu usiku uleule, tukaichoma jikoni. Iliungua vizuri, ikawa majivu. Mtoto hakubadilika.

Siku ya ishirini na moja mtoto alikuwa halii tena. Alikuwa anafungua mdomo tu, na hakuna kinachotoka. Jua lilikuwa linazama. Mama alinishika mkono, akaongea kwa kunong'ona, kama vile kuna wa tatu anayesikiliza.

"Mwache, ng'wanone, mwanangu. Akienda huyu, na yule anakwisha."

"Ni mwanangu, mama."

"Utazaa mwingine."

Nilimtazama. Nilikuwa nimembeba miezi tisa, nilijua kisigino chake kabla sijaiona sura yake. Na alikuwa anaondoka, namwona kabisa anaondoka. Nani angemwacha? Wewe ungemwacha?

Nikamwinamia sikioni.

"Makoye."

Midomo ikafungwa. Macho yakafunguka, yakanitazama, na macho ya mtoto wa wiki tatu hayatazami hivyo. Halafu, kwa kile kikoo kidogo... akajikohoza mara mbili. Akalishika ziwa akanyonya kwa nguvu mpaka nikalia kwa maumivu. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Mama alikuwa ameshaanza kufunga kitenge chake. Aliondoka na basi la asubuhi, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu.

Sasa ana miaka minne. Mtaa mzima unaniita Mama Makoye, na kila nikiitwa nashtuka, na wao wanacheka wakidhani ni madaha. Ni mtoto mwenye afya. Hana vurugu, ila hawezi kukaa chumbani peke yake hata dakika moja, hata mchana. Nikienda chooni anasimama nje ya mlango, anagusa mbao mpaka nitoke.

Masalu anampenda kuliko kitu chochote. Mwaka jana alimpeleka machimboni kumtembeza, mtoto akakaa chini mahali pasipo na kitu, akakataa kuinuka. Masalu akachimba palepale. Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo, limekuwa likitoa tangu siku hiyo, na tumeezeka nyumba kwa bati jipya. Nilimsimulia yote tangu mwanzo. Alinisikiliza, akala ugali wake, akasema mambo ya kale ya mama yangu yasiharibu riziki ya mtoto. Ukweli ni kwamba hata angeniamini, ningemwambia afanye nini?

Nina mimba tena. Wiki iliyopita nilipimwa, wakanionyesha kwenye kioo vichwa viwili. Mapacha. Masalu alifurahi mpaka akapiga simu machimboni kote. Kwetu mapacha hawasumbui mtu kutafuta majina. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, iwe kwa masikini au tajiri, na masamva wote wanalijua hilo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne nilishukuru. Nilijua kuwa hawa wako salama, majina yao yameshakaliwa.

Kisha juzi wakaacha kucheza tumboni.

Jana niliwangoja kutwa nzima, mkono juu ya tumbo. Hakuna kitu. Leo asubuhi kliniki walisikiliza mapigo, wakasema yapo ila ni dhaifu, nirudi kesho. Nikafungua duka, kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kunanimaliza. Jua lilipoanza kuzama nilianza kukusanya vitu nifunge.

Makoye alikuja upande wangu wa kaunta. Alikuwa na karatasi mbili, sijui alizitoa wapi. Zile fomu sikuzibakiza, nilikuwa na uhakika. Lakini zilikuwa zilezile. Jina. Ukoo. Umbo. Nguvu. Udhaifu. Anachokitafuta. Akaziweka mbele yangu, akanyoosha kingo zake vizuri, na juu yake akaweka kalamu. Akaegemeza sikio lake kwenye tumbo langu, akasikiliza kwa muda mrefu.

Akajikohoza mara mbili.

"Wanalia, Mama. Wamekaa huko shimoni sana."

Harufu ilikuwa imeshaingia.

"Usiandike Kulwa na Doto," akasema, taratibu, kwa huruma kabisa. "Hao wana majina yao."

Nje watu walikuwa wanapita wakirudi makwao, mmoja akanisalimia, Mama Makoye mwadila, nami nikaitika. Mkono mmoja nilikuwa nao tumboni. Kulikuwa kimya humo ndani, kimya cha kitu kinachoondoka, na kimya hicho nakifahamu.

Nikachukua kalamu. Nikamuuliza, wa kwanza anaitwa nani?