Ufa Uliojificha kwenye Baridi

Kila asubuhi gari kuukuu la abiria lilisimama mbele ya karakana na kupiga honi. Msichana wa darasa la sita alitoka mbio, mkate mkononi, kamba za viatu zikiburuzika, akapanda na kukaa nyuma ya dereva. Dereva huyo alikuwa mjomba wake. Nyumbani wote walimwita msichana Hakimu, kwa sababu hakuna ugomvi wa watoto wala wa kuku aliouacha bila kuutolea hukumu, na hukumu yenyewe ilitoka kabla mshtakiwa hajafungua kinywa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Mheshimiwa Hakimu. Leo nani kafungwa?"

"Bado. Lakini siku ndiyo kwanza imeanza."

Mjomba alicheka, akatia gia. Gari lilizunguka bondeni likiokota wanafunzi, kisha likaanza kupanda kilima kirefu kilichokuwa na shule juu yake. Na hapo, kama ilivyokuwa wiki nzima, mshale wa kipimo cha joto ukapanda, mvuke ukafuka kutoka mbele, na gari likasimama.

"Birika limechemka! Leteni vikombe!" walipiga kelele wavulana waliokuwa wakipita kwa miguu.

Wanafunzi walishuka na kumalizia mlima kwa miguu, jasho likiwatiririka. Mwalimu mkuu alikuwa langoni. Alimsubiri Mjomba afike, akasema kwa upole, "Dereva, ninakuheshimu. Lakini watoto hawa wanakosa somo la kwanza kila siku. Gari likikwama tena, nitawaambia wazazi watafute lingine."

Mjomba hakuwa na kazi nyingine. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye gari lake.

Jioni alilipeleka gari karakana kwa dada yake, mama yake Hakimu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fundi. Mama Fundi alikuwa ameifungua injini hiyo siku chache zilizopita na kubadilisha gasketi, ule utando wa kuziba maungio ya injini, kwa mikono yake mwenyewe.

"Kaka, unasahau kuweka maji," alisema, akifuta spana.

"Dada, nilijaza pomoni!"

"Kazi yangu naijua. Sikuacha kasoro."

"Basi Mjomba ana makosa," Hakimu alidakia. "Maji hayana miguu."

Uso wa Mjomba ulishuka. Hakukasirika, na hilo lilimfanya Hakimu ajisikie vibaya kuliko kama angegombezwa. "Sawa, Hakimu," alisema. "Kesho Jumamosi, hakuna shule. Jaza maji wewe mwenyewe, tupande kilima sisi wawili."

Asubuhi Hakimu alijaza rejeta, tangi la maji ya kupooza injini, mpaka maji yakamwagika, akakaza kifuniko mpaka vidole vikamuuma. Barabara ya bondeni waliimaliza bila tatizo, mshale umetulia. Katikati ya kilima ukaanza kupanda. Hakimu aligeuka nyuma, akaona moshi mweupe mzito ukitoka kwenye bomba. Gari likasimama palepale pa kila siku.

Walisubiri injini ipoe vizuri, ndipo Mjomba akafungua kifuniko. Maji yalikuwa yamepungua sana. Hakimu alilala chini na kuchungulia uvunguni. Hakuona hata tone. Pakavu kabisa.

Alitoka na vumbi kwenye nywele, akasimama mbele ya mjomba wake. "Mjomba, nisamehe. Nilikusingizia."

"Yameisha hayo. Sasa tumtafute mwizi wa kweli."

Walijaza maji tena, wakateremka taratibu hadi karakana. Mama Fundi alisikiliza habari yote bila kumkatiza binti yake. "Chini pakavu, moshi mweupe," alirudia polepole. "Basi maji yanaingia ndani ya injini na kutoka na moshi. Labda silinda hedi imepasuka."

Silinda hedi ni kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya injini. Ndani yake mna njia za maji ya kupooza, na karibu nazo kuna matundu yanayotoa moshi wa moto. Mama Fundi aliifungua, akaziba njia za maji kwa vipande vya mpira na bamba la chuma, akaacha tundu dogo la kuingizia upepo. Kisha wakaizamisha kwenye nusu pipa la maji na kuwasha kompresa, mashine ya kusukuma upepo. Kama kulikuwa na ufa, mapovu yangetoka.

Walikodoa macho. Maji yalitulia tuli.

"Hedi ni nzima," alisema Mama Fundi, akakaa juu ya tairi na kushika tama. Mjomba aligeukia ukutani.

Hakimu alikuwa na hukumu mdomoni, kama kawaida yake. Safari hii aliimeza kwanza, akafikiri. Alikumbuka mshale ulivyotulia bondeni na ulivyoinuka kilimani.

"Mama, naomba kuuliza. Gari likiwa baridi halina shida. Linaanza kusumbua likipata moto. Sasa hii hedi tunaipima ndani ya maji ya baridi..."

Mama Fundi alimtazama binti yake. Kisha akamtazama kaka yake. Kisha akasimama.

"Leteni kuni!"

Waliliinua pipa juu ya mawe, wakawasha moto chini yake. Hakimu aliambiwa akae mbali, naye akakaa mbali, shingo ameirefusha kama twiga. Maji yalipopata moto na chuma kikashika joto, Mama Fundi alifungulia upepo tena.

Povu moja likapanda. Likafuatiwa na jingine. Kisha yakaja mfululizo, yakitoka kwenye tundu moja la moshi.

"Huyo! Huyo! Kakamatwa!" alipiga kelele Mjomba, akimnyanyua Hakimu juu. Mama Fundi alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye grisi, akabaki na masharubu meusi.

Kesho yake alitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa. Kisha akatoboa mengine katikati, akayakatia hesi, ile mikato ya kuzunguka inayoshika skrubu, na kukaza skrubu za chuma, kila moja ikiuma kidogo ubavu wa mwenzake, mpaka ufa ukawa umeshonwa kama nguo. Akasawazisha kwa tupa. Hakimu alishika taa, mikono ikamfa ganzi, asilalamike.

"Tufunge sasa?" aliuliza Mjomba, roho juu.

"Bado," alijibu Hakimu. "Moto kwanza."

Waliipima tena ndani ya maji ya moto. Hata povu moja halikutoka.

Jumatatu Mama Fundi naye alipanda gari, na ovaroli lake. Kilimani wanafunzi wote waliukodolea macho mshale. Gari lilifika pale pa kila siku, likapapita. Likavuka kona. Likawapita wale wavulana, ambao walibaki midomo wazi. Ndani ya gari zililipuka shangwe, na Mjomba akapiga honi kama gari la harusi mpaka langoni.

Mwalimu mkuu aligusa boneti kwa kiganja, akatabasamu. "Dereva, endelea na kazi yako."

Mama Fundi aliwageukia watoto. "Nimsemee kaka yangu mbele yenu," alisema. "Nilijiamini mno, nikamlaumu mtu ambaye hakukosa. Kama binti yangu asingekwenda kuangalia kwa macho yake, tungekuwa bado tunalaumiana. Ninyi mkipata tatizo, msikimbilie kumtafuta wa kumtupia lawama. Chunguzeni, ulizeni, na mkishamaliza kutengeneza, pimeni tena. Hapo ndipo mseme mmejua."

"Sawa, Mama Fundi!" waliitikia.

Kengele ikalia. Watoto wa bondeni wakakimbilia darasani pamoja na wenzao, Hakimu akiwa mbele, na siku hiyo hakuna aliyekosa somo la kwanza.