Nilimpigia Baba Siku za Mechi Tu

Nina umri wa miaka thelathini na saba. Kwetu ni kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, si mbali na Buigiri, lakini huu ni mwaka wa saba naishi Kanada, nafungasha mboga kwenye ghala. Nasimulia haya kwa aibu kubwa, na sitaki mtu anihurumie.

Baba yangu ni mkulima wa zabibu. Mama alifariki tukiwa wadogo, baba akatulea peke yake, mimi na mdogo wangu Yunis. Baba si mtu wa maneno. Siku za kawaida alikuwa mkali, salamu ikiisha na mazungumzo yameisha. Lakini siku ya mechi alinipakia kwenye baiskeli mpaka kibanda cha kuonyeshea mpira, na njia nzima ya kurudi tulibishana nani alipaswa kupiga ile penalti. Siku hiyo alikuwa rafiki yangu.

Nilipoondoka tuliwekeana ahadi. Kila timu yetu ikicheza, yeye ataangalia kwenye tivii nyumbani, mimi kwenye simu, na tutapigiana tuangalie pamoja. Kwao saa kumi jioni, kwangu asubuhi, nimetoka kazini na macho mazito.

Kwangu picha ilichelewa karibu dakika nzima. Baba aliliona goli kabla yangu, lakini hakusema. Nilisikia tu pumzi yake imebadilika... Alikuwa anavumilia mpaka na mimi nilione, ndipo tucheke wote. Nani mwingine angenifanyia hivyo?

Mwaka wa tatu akaanza kulalamika kwamba picha ina ukungu. Nikamcheka. Nikamwambia ile tivii ya chogo imezeeka, nikaagiza apelekewe mpya, kubwa, ya bapa. Nilijiona mtoto mwema kweli. Mtu anakwambia haoni vizuri, wewe unampelekea tivii...

Miezi michache baadaye Yunis alinipigia katikati ya mechi dhidi ya watani wetu. Nikakata. Akapiga tena. Nikapokea kwa hasira.

"Kaka, ni macho ya baba," alisema. "Zahanati wamesema apelekwe hospitali ya mjini, amekataa. Mimi hanisikilizi. Ongea naye wewe."

Nilimjibu nini? Nilimwambia ana wivu kwa sababu baba anafurahia kuongea na mimi, na asinipigie tena wakati wa mpira. Kisha nikarudi kwenye mechi. Tulishinda, nikalala usingizi mzuri.

Mechi iliyofuata nilimuuliza baba macho yanaendeleaje. "Vumbi tu hilo," akasema. "Tazama mpira." Kwetu vumbi ni la kila siku, na macho mekundu tumekua nayo. Nikaridhika. Nilitaka kuridhika, huo ndio ukweli. Yunis naye hakunipigia tena. Nilikuwa nimemkataza mwenyewe.

Tukaendelea hivyo zaidi ya mwaka. Wakati mwingine baba aliniuliza leo tumevaa jezi gani, nami nikadhani ananitania.

Mwaka jana nikapata likizo. Sikumwambia mtu. Nilipanga nifike siku ya mechi, nimshtukize, niketi pembeni yake kama zamani. Nilifika na bodaboda mpira ukiwa umeshaanza. Yunis alikuwa uani anaanua nguo. Aliponiona akaanza kulia, nikadhani ni furaha. Nikaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze, nikaingia sebuleni.

Tivii ilikuwa imezimwa. Imefunikwa kitambaa cha kufuma, mpaka chini. Baba alikuwa kwenye kiti chake, redio ndogo imebanwa sikioni, simu mapajani. Uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni, yaani kwangu mimi. Nilisimama mbele yake nikitabasamu kama mjinga...

"Yunis," akaita, "mwenzangu leo amechelewa kupiga. Hebu angalia kama simu ina chaji."

Nikasema, "Shikamoo, baba."

Akaikamata simu, akaiweka sikioni. "Marahaba, mwanangu. Mbona leo sauti yako iko karibu hivyo?"

Nilipiga magoti nikamshika mikono. Alinipapasa uso wote, taratibu, kuanzia paji mpaka kidevu. Hakulia. Mimi nililia kwa niaba ya wote.

Nilimpeleka mjini kesho yake. Daktari alisema ni presha ya macho. Kwa mujibu wa karatasi ya zahanati, siku ile Yunis aliponipigia jicho la kulia lilikuwa bado linaona, na dawa ya matone ingeweza kulitunza. Sasa mshipa wa jicho umeshakufa, na ukifa haurudi. Alisema hayo kwa upole, nami nilitamani anitukane.

Njiani nilimuuliza baba kwa nini alinificha. Akasema, "Ningekwambia sioni, tungetazama nini? Ungeacha kunipigia."

Nilitaka kukataa. Nikatafuta kichwani siku moja, moja tu, niliyompigia bila mechi... Sikuipata.

Nimerudi Kanada. Nimemwomba Yunis msamaha, amesema amenisamehe, ingawa anaongea nami kifupi. Wiki ile ya kwanza niliporudi nilimpigia baba siku ya Jumanne. Alipokea haraka.

"Leo hakuna mechi," akasema. "Nani amefariki?"

Ndugu msomaji uliye mbali na kwenu, kama wazazi wako wakiona simu yako siku ya kawaida wanashtuka, basi umeshaanza njia niliyopita mimi. Usisubiri timu icheze. Wapigie leo, waulize wamelalaje, wamekula nini, wanaumwa wapi. Na wakikujibu kwamba ni vumbi tu, tafadhali, usiwaamini.