Wanawake Wote wa Sabiri

Mabasi matatu yaliingia Segera kwa pamoja na wachuuzi wakayavamia. Zamda alikuwa amesimama kando na ndoo yake ya mchele, khanga ya njano kichwani, akisubiri gari la kurudi Korogwe, alipohisi anatazamwa. Kijana mmoja mwembamba alikuwa amemkodolea macho bila haya.

"Kaka, umepoteza kitu usoni kwangu?"

"Samahani, dada. Mimi mchoraji. Nimeshindwa kuacha kukitazama hicho kidoti juu ya mdomo wako."

Basi wakajuana. Sabiri alichora kwa kompyuta katika steshenari moja ya Korogwe, miaka ile ambayo soko huria lilikwisha kuleta kompyuta mjini na simu za mkononi hadi kwa wauza mkaa. Zamda, mzaliwa wa Handeni, alipika vitumbua stendi. Asubuhi Sabiri alikuwa mteja, jioni alikuwa mtu wa kubipu tu, na Zamda, mapenzi hayana aibu, alikuwa anampigia.

Ndipo shirika moja likampa Sabiri kazi ya kitabu cha picha kuhusu usafi. Walitaka wanawake wa kila aina: nesi, bibi kizee, mama wa Kimasai, mkulima wa Magoma, na muuza chakula mchafu asiyenawa mikono. Muda ulikuwa mfupi. Sabiri akachora uso mmoja kwa moyo wake wote, akaunakili, akawa anauvalisha: huyu kilemba, yule shanga, mwingine mvi na mikunjo. Ubaya ni kwamba uso wenyewe ulikuwa wa Zamda, kidoti na vyote.

Kitabu kikagawiwa hapohapo stendi. Serafina, muuza ndizi wa meza ya jirani, alikiona wa kwanza, akacheka mpaka machozi. Wateja nao wakaanza kumuuliza Zamda kama leo amenawa. Mwanzoni ulikuwa utani, lakini mmoja akataka kuona kucha zake, na vitumbua vikabaki hadi vikapoa. Zamda akapiga simu.

"Sabiri, mimi ndiye nisiyenawa mikono?"

"Mpenzi, uso ulikuwa mmoja tu kwenye kompyuta. Nilikuwa nabadilisha nguo."

"Kwa hiyo mimi mwanasesere wa kuvalishwa."

"Nilichora uso ninaoupenda."

"Ungeupenda usingempa kila mtu."

Akakata. Biashara ilimuuma, lakini kilichomliza ni kingine: alikuwa ameamini kwamba yupo mtu mmoja anayemtazama yeye kama yeye. Simu za Sabiri hakuzipokea tena.

Habari zake, hata hivyo, zilimfikia bila kuziuliza. Mara Sabiri amepita akikusanya vile vitabu. Mara ameonekana Ngombezi, amekaa chini na wanawake wa shamba la mkonge wakati wa mapumziko, anawachora kwa penseli mmoja mmoja. Mara yuko mnadani Handeni, ambako mama mmoja wa Kimasai, Nkoile, alimnyima uso wake mpaka alipomwamkia vizuri na kueleza anautakia nini. Serafina alizileta habari hizo na ndizi mkononi, na Zamda alijifanya hasikii.

Asubuhi moja Sabiri akafika na kitabu kipya. Zamda alikipekua amesimama. Nesi alikuwa na shingo fupi na macho ya usingizi. Nkoile alikuwa amenuna kwa fahari. Hakuna aliyefanana na mwenzake. Na yule muuza chakula mchafu alikuwa mwanamume, Sabiri mwenyewe, kucha nyeusi tii. Zamda alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Mimi niko wapi?"

"Safari hii sijakuweka. Mara ya kwanza sikukuomba ruhusa. Sasa naomba kubwa zaidi. Nataka kwenda Handeni kumwona mama yako."

Zamda akageuza vitumbua kimoja kimoja, bila haraka, mpaka Sabiri akaanza kutoka jasho.

"Usiende peke yako," alisema mwishowe. "Nenda na wajomba zako, na mmoja wao awe anajua kuongea."

Serafina akapiga kigelegele kabla Sabiri hajaelewa kwamba amekubaliwa.