Bega la Kushoto

"Vuta pumzi, wifi."

"Nimeshavuta. Nikiongeza nitazimia."

Pini alikuwa amepiga magoti nyuma ya bibi harusi, pini nne mdomoni, akihangaika na zipu iliyogoma katikati ya mgongo. Jina la Pini alipewa na wateja, maana saa za kazi mdomo wake ulikuwa na pini nyingi kuliko maneno. Ilikuwa Jumanne asubuhi, harusi ni Jumamosi, na gauni jeupe la satini lilikuwa limemkataa mwenye nalo. Mgongoni linabana, mikono imezidi inchi nzima, na baya zaidi ni bega la kushoto, ambalo lilikuwa limeshuka na kujikunja kama shuka lililotandikwa na mlevi.

Bibi harusi alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole mwenye mabega yaliyonyooka sawasawa. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Nani alilikata?"

"Mwenyewe," Pini alijibu akitoa pini mdomoni. "Alisema gauni la mke wake hakati mtu mwingine."

"Kwa vipimo vyangu?"

"Vimo kwenye daftari. Nilikupima mimi."

Mwalimu akageuka. Hakumtazama Pini usoni, alimtazama mabegani. Mtu anayeshinda na watoto thelathini hadanganyiki kirahisi.

"Wifi, hebu livae wewe."

Pini alicheka, akasema atalichafua, akasema hana muda, akasema mengi. Mwalimu alishalivua na kumnyooshea.

Gauni likamwingia. Zipu ilipanda yenyewe mpaka shingoni, mikono ikaishia pale mikono inapoishia, na bega lake la kushoto, ambalo lilishuka nusu inchi tangu alipovunjika mtulinga utotoni, likakuta gauni nalo limeshuka nusu inchi vilevile. Wanawake wawili walisimama mbele ya kioo kimoja, na hakuna aliyejua pa kuyaweka macho.

Tusidanganyane, Pini alikuwa ameliona bega lile tangu anashona bitana. Alijiambia Chaki hakosei, labda Mwalimu naye ana bega kama lake, duniani wawili wawili. Mtu akiogopa kujua jambo, hakosi la kujiambia.

Chaki ndiye bwana harusi. Jina lake halisi walilijua mama yake na watu wa benki tu. Wengine wote walimwita kwa kipande cha chaki alichokibeba nyuma ya sikio kutwa nzima. Yeye alikata, Pini alishona, miaka saba katika chumba kimoja chenye meza ndefu, cherehani mbili na kioo kimoja. Walipokuja kukodi chumba, mama mwenye nyumba aliwaambia hapangishi mwanamume na mwanamke wasio na uhusiano, hataki maneno ya watu. Wakajibu kwa pamoja, bila hata kutazamana, kwamba wao ni ndugu. Wakatoka nje wakacheka mpaka machozi.

Ndipo wakaanza kuitana kaka na dada. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya mama mwenye nyumba, baadaye wateja, baadaye mazoea. Kaka alimtungia uzi dada alipougua macho. Dada alishona usiku na mchana sanda na nguo za watu wa msibani kaka alipofiwa na baba, hakutaka asante. Siku moja Chaki alimtazama mara moja tu, akachukua mkasi, akamkatia gauni la kijani bila kumpima. Lilimkaa kama ngozi.

"Hujanipima," Pini alimwambia.

"Nakujua."

Alisema hivyo tu, akaendelea na suruali ya mteja. Pini alirudi nyumbani akasimama na gauni lile mbele ya kioo mpaka ubwabwa ukaungua. Alikuwa ameshapenda, na aliyempenda anaitwa kaka.

Kisha ikaja siku ya mvua. Umeme ulikuwa umekatika, cherehani kimya. Chaki alikuwa ameinamia meza, mgongo kauelekeza mlangoni. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Hivi sisi tutaitana kaka na dada mpaka lini?"

Pini aliinua macho ajibu. Mlangoni alikuwa amesimama mama mwenye nyumba, mwavuli mkononi.

"Mpaka tuzeeke, kaka," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani.

Chaki alichukua mkasi, akaendelea kukata. Mama mwenye nyumba naye hakuwa mlangoni tena. Pini alingoja swali lirudi, jibu akiwa nalo tayari mdomoni, wiki baada ya wiki. Anayetaka kweli huuliza mara mbili, alijiambia. Baada ya miezi minane Chaki alimleta mwalimu wa chekechea dukani, akasema, dada, huyu ndiye wifi yako.

Sasa wifi huyo alikuwa amejifunga khanga kifuani, anangoja.

"Ngoja nikupime upya," Pini alisema, ilimradi mikono ipate kazi.

Alimpima kifua, akapima kiuno. Akarudia kiuno. Akafungua daftari: wiki saba zilizopita kilikuwa ishirini na nane, leo ni thelathini na moja. Alikiandika kile kipimo kipya, akakizungushia duara kwa penseli.

"Umeshajua," Mwalimu alisema.

"Tepu ndiyo imejua. Mimi nimesoma tu."

"Yeye hajui. Nilitaka kumwambia baada ya harusi. Sasa simwambii, na wewe naomba usimwambie. Simtaki mwanamume anayebaki kwa sababu ya tumbo."

"Sitamwambia. Lakini Mwalimu, hakuna kitu kati yetu. Sijawahi hata kumshika mkono."

"Najua. Ungekuwa umemshika ningekasirika, ingekuwa rahisi." Alikuwa anavaa blauzi yake, vifungo vinamshinda. "Ijumaa nitakuja. Gauni likinikaa, naolewa. Lisiponikaa, nitawaambia kwetu nimeghairi, na sitamtaja mtu."

"Mbona unaniachia mimi?"

"Yeye nikimuuliza atasema mkono umeteleza. Na wewe ndiye unayeshona."

Alipoondoka, simu ililia mezani. Ujumbe wa Chaki, aliyekuwa kwao kuandaa mambo na wajomba: "Dada, limemkaa?"

Pini hakuandika. Alipiga.

"Ulikata kwa vipimo vya nani?"

"Vya daftari."

"Daftari lina mabega sawa, Chaki."

Nyuma yake zilisikika sauti za wajomba wakibishana kuhusu viti.

"Basi mkono umeteleza."

"Mkono wako hautelezi. Gauni limenikaa mimi."

Zikasikika hatua, kisha mlango ukifungwa, sauti za wajomba zikabaki mbali. Aliporudi kwenye simu hakusema dada.

"Sikukusudia. Nilifungua daftari, nikatandaza kitambaa, nikaanza kuchora. Nikaona sina haja ya kutazama tena. Nilidhani nimeshavikariri vipimo vyake."

"Mkono umesema. Mdomo je?"

"Mdomo ulikuuliza siku ile ya mvua. Ukaniambia mpaka tuzeeke."

"Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni."

"Mlango upi?"

"Nyuma yako. Na mwavuli wake. Ulitaka niseme nini mbele yake?"

Pini alisikia kiti kikilia, Chaki ameketi.

"Mimi sikumwona mtu," alisema.

Pini akakaa chini, juu ya marobota ya vitambaa. Muda wote huu alidhani Chaki alielewa kwamba lile lilikuwa jibu la mama mwenye nyumba. Kumbe alilichukua likiwa zima, akaenda nalo nyumbani, akakaa nalo miezi minane, kisha akatafuta mahali pengine pa kupeleka moyo wake.

"Sema sasa," Chaki alimwambia. "Neno moja tu. Niingie humo ndani niwaambie wazee, lawama zote nitabeba mimi. Ila useme wewe, mimi nilishasema."

Alilitaka neno lile. Asiulize mtu kama alilitaka. Lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, limekomaa kwa miaka saba. Lakini daftari lilikuwa wazi mbele yake, thelathini na moja imezungushiwa penseli, na aliyekuwa ndani ya namba ile hakuwa na kosa. Akimwambia Chaki sababu, amevunja ahadi. Akikaa kimya aseme ndiyo, atamchukua baba wa mtu huku yeye peke yake akijua. Angelala vipi pembeni yake?

"Chaki."

"Naam."

"Tulishakubaliana. Mpaka tuzeeke, kaka."

Alisikia pumzi yake ikitoka polepole.

"Sawa, dada," Chaki alisema, akakata.

Pini alilia alasiri ile kama mtu aliyefiwa, mlango umefungwa, kichwa juu ya cherehani. Kisha akanawa uso, akafumua zipu. Mgongoni aliongeza kipande kila upande kwa mabaki ya satini, akatia vitanzi na kamba ili gauni liweze kulegezwa. Alipunguza mikono. Bega alilibakiza mwisho. Ni kazi ya dakika ishirini tu, lakini alianza nayo Ijumaa mchana, na katika hizo ishirini alisimama mara tatu.

Mwalimu alikuja kama alivyosema. Gauni lilimkaa. Alijigeuza mbele ya kioo, akapitisha kiganja juu ya bega la kushoto, akaona limenyooka.

"Alisema nini?" akauliza.

"Aliuliza kama limekukaa."

Haukuwa uongo. Mwalimu alimtazama, akaelewa alichotaka kuelewa, na machozi yakamtoka.

"Asante, wifi," alisema.

Jumamosi Pini aliketi upande wa ndugu wa bwana harusi, safu ya pili, na gauni lake la kijani. Bibi harusi alipoingia, watu wote walitazama uso wake, isipokuwa Chaki. Yeye alitazama bega. Alilitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, kisha akainamisha kichwa, na alipokiinua alikuwa mume wa mtu. Mama yake Chaki alimgusa Pini pajani akamuuliza, binti yangu, na wewe lini? Pini alijibu kwamba atakapopata wa kumkatia gauni, na mama akacheka sana.

Jumatatu alifika dukani mapema, akafunga cherehani yake kwa kamba. Alikuwa amepata nafasi kwenye kiwanda cha sare za shule, mbali na pale. Funguo alizipeleka kwa mama mwenye nyumba, aliyekuwa barazani anachambua maharage.

"Unahama? Na kaka yako je?"

"Atabaki na chumba." Pini aliona hana tena cha kuficha. "Mama, nikuombe radhi. Yule si kaka yangu. Tulikudanganya ili utupe chumba."

"Najua."

Pini akabaki na funguo mkononi.

"Nilijua kabla mwezi wa kwanza haujaisha," mama alisema, macho kwenye ungo. "Ndugu gani wanaombana samahani wakigusana vidole? Nikasema wana adabu, waache, wakiwa tayari watanieleza. Ningewafukuzia nini? Nilikuwa nawaombea."

"Na siku ile ya mvua? Uliposimama mlangoni?"

"Nilikuja kutafuta kifungo cha koti. Nikamsikia kijana anauliza. Nikafurahi, mwanangu, nikageuka niwapishe. Mara nikasikia unanijibu mimi badala ya kumjibu yeye." Alitoa punje iliyooza, akaitupa. "Nikasema labda ndivyo ulivyotaka."

Jua lilikuwa limeanza kuingia barazani. Pini alitaka kukaa chini, hakukuwa na kiti.

"Kile kifungo," aliuliza, maana ilibidi aseme kitu, "bado unakihitaji?"

"Koti lenyewe nilishaligawa," mama alisema.